Shajara ya mradi: matuta nane, pampu moja na demaltipleksa ya 74HC138

Naiandika shajara hii kadiri kazi inavyokwenda, ili atakayetaka kuiga asipoteze jioni alizopoteza mwenzake. Sehemu zilizokwenda vizuri nitazipita haraka. Zilizonitoa jasho nitakaa nazo.

8 Juni 2024: Tatizo lenyewe

Nyuma ya nyumba yangu hapa Morogoro kuna matuta 8 ya mboga. Kila tuta lina urefu wa mita 10 na mistari minne ya mipira ya matone, tundu kila sentimita 30. Tundu moja linatoa kama lita 1.5 kwa saa, kwa hiyo tuta zima linataka lita 3.3 hivi kwa dakika. Pampu yangu ya volti 12, inayokula sola, inatoa lita 4 kwa dakika ikiwa imeamka vizuri. Ukifungua matuta mawili pamoja, mistari ya mwisho inatoa machozi tu.

Hadi leo tunafungua na kufunga koki kwa mkono, kwa zamu. Wiki iliyopita aliyefungua tuta la 5 asubuhi alisahau, tukarudi jioni tukakuta simtank tupu na nyanya zimesimama kwenye tope. Nikasema basi, nanunua valvu za umeme.

Shida ni waya. Betri na kidhibiti, yaani Arduino Uno ya bei nafuu, vitakaa stoo. Bustani iko mita 18 kutoka hapo. Valvu 8 kila moja na uzi wake, pamoja na uzi wa kurudia, ni nyuzi 9, na waya wa intaneti ninaotaka kuufukia una nyuzi 8 tu. Na hizo 8 zibebe pia umeme.

Hapo ndipo demaltipleksa inapoingia. Kazi yake ni kuchukua ishara moja na kuipeleka kwenye tokeo moja kati ya mengi, kufuatana na anwani unayoipa. Nyuzi tatu za anwani, kila moja 0 au 1, zinakupa 2 × 2 × 2, yaani matokeo 8. Uzi wa nne unabeba ishara yenyewe. Nyuzi nne zinazobaki ni za umeme.

Kuna faida nyingine iliyonivutia zaidi kuliko kuokoa waya. Demaltipleksa haiwezi kuchagua matokeo mawili kwa wakati mmoja, hata programu ikiharibika. Waliokulia kwenye mifereji ya Kilimanjaro wanaijua zamu ya maji: maji ni yale yale, ila leo yanaingia shamba hili tu. Nataka zamu hiyo iwe ndani ya saketi, isitegemee kumbukumbu ya mtu wala programu yangu.

15 Juni: Kuijenga kwa mkono kwanza

Sipendi kutumia chipu nisiyoijua tumbo lake. Nimeanza na demaltipleksa ndogo kabisa, ya ishara moja kwa matokeo mawili. Inataka geti mbili za AND (hutoa 1 pale tu vyote vinavyoingia vikiwa 1) na geti moja ya NOT (hugeuza 0 kuwa 1, na 1 kuwa 0). Ishara inaingia kwenye AND zote mbili. Anwani inaingia moja kwa moja kwenye AND ya kwanza, na inapitia NOT kabla ya kuingia kwenye ya pili. Anwani ikiwa 1, AND ya kwanza inaipitisha ishara na ya pili inaizuia. Ikiwa 0, inakuwa kinyume chake. Hakuna kingine. Nilitumia 74HC08, chipu ya geti za AND, na 74HC04, ya geti za NOT, kwenye bredibodi (ubao wa kuchomekea bila kulehemu), ikafanya kazi mara ya kwanza, jambo lililonipa kiburi kisicho na msingi.

Nikapanda hadi matokeo manne. Sasa kila tokeo linataka AND ya vitu vitatu: ishara, na anwani mbili ama zenyewe ama kinyume chake. Kwa geti zenye miguu miwili ya kuingizia ni AND mbili kwa kila tokeo, yaani AND 8, chipu mbili za 74HC08. Bredibodi ikaonekana kama kichwa cha mtu aliyekatizwa kusukwa. Nikapiga hesabu ya matokeo 8 kwa mtindo huo: AND 24, chipu sita, na bado sijaunga kitu chochote cha maana. Hapo nikaacha. Ila sijutii jioni ile, kwa sababu kila nilichokutana nacho baadaye nilikitafsiri kwa zile AND mbili za kwanza.

Gharama hadi hapa: bredibodi 6,000, chipu tatu za geti 4,500.

22 Juni: Chipu imekuja, na nimeiua moja

Nilikwenda Kariakoo. Duka la kwanza nikaomba demaltipleksa, nikapewa CD4051. "Hiyo ndiyo yenyewe, mzee." Si uongo, lakini 4051 ni ya analogi: ni kama swichi inayounganisha uzi mmoja na mwingine, na miguu isiyochaguliwa inabaki hewani, haina 0 wala 1. Mimi nilitaka ya kidijitali, ambayo kila mguu wake una jibu muda wote. Nenda na namba ya chipu, usiende na jina. Duka la tatu nikapata 74HC138, nikachukua tatu kwa 2,000 kila moja.

Ya kwanza haikuishi hata dakika. Chipu hii ina miguu 16. Umeme unaingia mguu wa 16, na hasi ni mguu wa 8, pembe ya mkabala. Ukiichomeka kinyume, hivyo viwili vinabadilishana nafasi. Niliichomeka kinyume. Sikuona moshi. Nilichosikia ni ncha ya kidole cha shahada kuungua nilipoigusa kuona kama imekaa vizuri. Kale kamkato kadogo kwenye kichwa cha chipu ndiko kanakoonyesha upande wa mguu wa 1, nami nilikuwa nimekasoma kwa taa ya simu.

Ya pili nikaichomeka sawasawa. Miguu ya 1, 2 na 3 ni anwani, A0, A1 na A2. Nikaweka taa nane za LED kwenye matokeo, kila moja na rezista yake hadi kwenye hasi, nikawasha. Zikawaka saba.

Nilitumia saa mbili nzima kutafuta kosa. Nikabadilisha anwani: ile taa iliyozima ikahama, lakini saba zikaendelea kuwaka. Nikadhani chipu hii nayo imekufa. Nikabadilisha ya tatu, hali ile ile. Binti yangu, anayesoma PCM kidato cha sita, alikuwa amekaa pembeni na daftari lake, akainua kichwa.

"Baba, saba zinawaka, moja imezima. Kama inayohama ni iliyozima, si ndiyo iliyochaguliwa?"

Ndiyo hiyo. Kwenye datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya chipu, juu ya majina ya matokeo yote nane kuna kamstari kadogo. Kamstari hako kanamaanisha kazi yake inafanyika ikiwa 0. Mguu uliochaguliwa unashuka hadi 0, waliobaki wote wanakaa 1. Nilikuwa nimekaona na kukachukulia kama pambo la mchapaji. Nikageuza LED, upande mmoja kwenye volti 5 na mwingine kwenye mguu wa chipu, ikawaka moja peke yake kama inavyotakiwa. Kwa anayetaka matokeo yanayopanda badala ya kushuka, ipo 74HC238, ni ndugu yake mwenye miguu ile ile.

29 Juni: Chipu inayomjua mwenye mkono

Leo nilikuwa najaribu anwani kwa kuchomoa na kuchomeka waya. Nilipochomoa waya wa A2 na kuuacha wazi, taa zikaanza kuruka: tuta la 2, la 6, la 2, la 6. Nikisogeza mkono karibu, zinaruka zaidi. Nikiondoka, zinatulia upande mmoja, halafu baada ya muda zinahama zenyewe.

Mguu wa kuingizia wa chipu za aina ya HC haunywi umeme karibu kabisa. Ukiuacha hewani hausomi 0, hausomi 1, unasoma chochote kinachopita, hata mkono wa mtu. Chipu za zamani za LS zilikuwa na tabia ya kuhesabu mguu mtupu kuwa 1, na ndiyo maana baadhi ya michoro ya zamani inaacha miguu wazi na bado saketi inafanya kazi. Ukiuiga mchoro huo kwa HC, umekwisha.

Dawa ni rezista ya kilo-ohmu 10 kutoka kila mguu wa anwani hadi hasi. Asipopatikana wa kusema kitu, mguu unasoma 0.

6 Julai: Rilei, na mahali ishara inapoingilia

Nimenunua ubao wa rilei nane, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili ziwashe valvu, ule wa bluu wenye optokapla, 22,000. Hapa bahati ilinitembelea: ubao huu nao unawashwa kwa 0. Kwa hiyo 74HC138 iliyonisumbua wiki mbili zilizopita inaungana nao moja kwa moja, bila transista wala geti ya kugeuza. Nilipima umeme unaopita kwenye mguu mmoja wa kuingizia wa ubao, nikapata miliampea 2. Chipu inamudu 4 bila kulalamika.

Jambo lililonichanganya ni jina la chipu. Datashiti inaiita kwanza dekoda, halafu demaltipleksa. Dekoda inasoma anwani na kuchagua mguu, basi. Demaltipleksa ina ishara ya kupeleka. Sasa ishara inaingilia wapi, wakati sioni mguu ulioandikwa "ishara"?

Inaingilia kwenye miguu ya ruhusa. Chipu inayo mitatu: wa 4 na wa 5 vinataka 0 ili iruhusu, na wa 6 unataka 1. Hata mmoja wao usipokubali, hakuna kinachochaguliwa na matokeo yote nane yanakaa 1. Ukiifunga miwili kwenye hali ya kuruhusu na kuutumia wa 4 kama mlango wa ishara, dekoda imegeuka demaltipleksa. Mguu wa 4 ukishuka, tokeo lililochaguliwa linashuka. Ukipanda, linapanda. Ishara inatoka kama ilivyoingia, lakini kwenye mlango mmoja tu kati ya minane. Ukiingizia kwenye mguu wa 6 inatoka kinyume. Rudi kwenye zile AND mbili za tarehe 15 utaiona: ishara na anwani zote ni miguu ya AND moja, chipu haijui ipi ni ipi. Tofauti iko kichwani mwa mtumiaji.

Faida ya pembeni: rilei moja inakula kama miliampea 70, na kwa kuwa haiwezekani mbili ziwake pamoja, nahitaji umeme wa rilei moja tu. Rigyuleta ya 7805, inayoshusha volti 12 hadi 5, inatosha kule bustanini, bila hata bati la kupozea.

13 Julai: Tuta la 1 linapenda kuamka mapema

Sasa Arduino iko kazini: pini 2, 3 na 4 ni anwani, pini 5 ni ishara. Kila ninapowasha umeme, kabla ya programu kuanza, rilei ya kwanza inagonga, inakaa sekunde moja na nusu hivi, halafu inaachia.

Niliandika upya mwanzo wa programu mara tatu. Bure, kwa sababu tatizo linatokea kabla ya programu. Arduino ikiwashwa, pini zake zote zinaanza zikiwa za kusikiliza, hazisemi kitu. Kwa hiyo rezista zangu za tarehe 29 zinaweka anwani 000, yaani tuta la 1. Na mguu wa ruhusa? Nao nilikuwa nimeuvuta hadi 0 kwa mazoea, pamoja na wenzake. Yaani mimi mwenyewe niliiambia chipu: asipokuwepo mtu, fungua tuta la 1.

Nikaitoa rezista hiyo na kuipeleka upande wa volti 5. Sasa pasipokuwa na mtu wa kusema, ruhusa haipo, na valvu zote zimefungwa. Nilijaribu pia kuchomoa waya wote wa kwenda stoo wakati rilei imewaka: ikaachia papo hapo. Rezista ya shilingi 100 ndiyo inayolinda simtank, na ningemshauri anayeiga aanze nayo hata kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu.

20 Julai: Tik ya tuta la 3

Hili lilinichukua siku tatu. Kila mzunguko ulipohama kutoka tuta la 4 kwenda la 5, nilisikia tik mbili za ziada. Nikakaza macho: taa ya rilei ya 3 inamulika, halafu ya 1, ndipo inawaka ya 5. Kuhama kwingine kulikuwa safi, au karibu safi. Na ajabu zaidi, jambo hili lilianza baada ya mimi kuongeza maandishi ya kuripoti kwenye kompyuta nione programu imefika wapi. Nikiyatoa, tik zinapotea. Nikiyarudisha, zinarudi.

Matuta nayahesabu 1 hadi 8, chipu inayahesabu 0 hadi 7. Tuta la 4 ni anwani 011, tuta la 5 ni 100. Tarakimu zote tatu zinabadilika. Programu yangu ilikuwa inabadilisha moja moja, kuanzia A0:

011 → 010 → 000 → 100

Yaani tuta la 4, halafu la 3, halafu la 1, ndipo la 5. Njia nzima hiyo chipu inaifuata kwa uaminifu, kwani haina namna ya kujua kwamba sijamaliza kusema. Kwa kawaida safari hiyo ni ya mikrosekunde chache, na rilei inayohitaji milisekunde kadhaa kusogeza ulimi wake haipati hata habari. Lakini katikati ya kila tarakimu nilikuwa nimeweka sentensi ndefu ya kuripoti. Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, herufi moja inachukua milisekunde moja hivi, na Arduino Uno inaweza kuweka akiba ya herufi 64 tu. Akiba ikijaa, programu inasimama kusubiri. Kwa hiyo anwani ya katikati ilikuwa inakaa makumi ya milisekunde, muda wa kutosha kabisa kwa rilei kugonga. Chombo nilichokileta kuchunguza kosa ndicho kilicholifanya lionekane, na kosa lenyewe lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Dawa mbili. Ya kwanza, na ndiyo ninayoitumia: ondoa ruhusa, badilisha anwani zote tatu, rudisha ruhusa. Wakati ruhusa haipo, anwani ipite njia yoyote itakayo, hakuna linalofunguka. Ya pili ni kupanga matuta kwa mfuatano ambao kila hatua inabadilisha tarakimu moja tu: 000, 001, 011, 010, 110, 111, 101, 100. Mpangilio huo unaitwa kodi ya Gray, kwa jina la Frank Gray wa maabara za Bell, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1953. Ni mzuri, na hata kutoka 100 kurudi 000 ni tarakimu moja. Ila siku ukitaka kuruka tuta moja kwa sababu umevuna, umeuvunja. Ruhusa kwanza, Gray kama pambo.

8 Agosti: Nanenane, tumefukia waya

Siku ya mapumziko, wengine wamekwenda viwanja vya maonyesho, sisi tumeshika majembe. Mtaro wa sentimita 30, bomba la plastiki, waya wa intaneti ndani yake. Valvu 8 za nusu inchi, 19,000 kila moja, jumla 152,000. Hizo ndizo zilizokula bajeti, elektroniki ni vijisenti. Angalia maandishi ya valvu kabla ya kununua: zangu zinataka presha isiyopungua 0.02 MPa, sawa na maji ya kimo cha mita 2. Simtank lililo chini peke yake lisingeweza kuzifungua, bila pampu.

Tukawasha. Rilei tik, valvu ikaunguruma, maji hayakuja.

Kwenye betri nilikuwa na volti 12.3, kwenye valvu 9.7. Nilikuwa nimetumia uzi mmoja kwa chanya na mmoja kwa hasi, nyuzi mbili nikazibakiza "akiba". Na waya wenyewe, nilioununua kwa 500 kwa mita, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwarua uzi kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, umeuziwa alumini. Uzi mmoja wa mita 18 ulinipa ohmu 2.9.

Kupungua kwa volti kwenye valvu ni nusu ya ubaya. Nusu ya pili ni kwamba uzi wa hasi nao unapoteza volti zake, kwa hiyo hasi ya bustanini ilikuwa juu ya hasi ya stoo kwa volti 1.3. Stoo inatuma 5, bustanini inasomeka 3.7. Chipu ya HC kwenye volti 5 inataka 3.5 iseme hii ni 1. Nilikuwa naning'inia kwa uzi. Na 0 ya stoo ilikuwa inafika ikiwa chini ya hasi ya chipu, jambo lisilofaa hata kidogo kwa miguu yake.

Nikaufukua. Mita 20 za shaba tupu kwa 800 kwa mita, nyuzi mbili chanya, mbili hasi. Sasa valvu inapata volti 11.5 na inafunguka kwa mlio mmoja mkavu. Kila uzi wa anwani na wa ruhusa nimeuwekea rezista ya kilo-ohmu 1 kabla haujaingia kwenye chipu. Zile za kilo-ohmu 10 zikae upande wa waya, si upande wa chipu, la sivyo rezista mbili zitagawana volti zako na utakuwa umepunguza kile kile ulichokuwa unakiokoa.

Hasara ya leo: 10,000 ya waya wa alumini. Mgongo sikuuhesabia.

10 Agosti: Kelele wakati wa kufunga

Kufungua ni safi. Kufunga, mara moja kati ya tano hivi, rilei inatetemeka kama mende kwenye kopo kabla ya kutulia, na siku moja Arduino ilijianzisha upya.

Ni koili ya valvu. Ukikata umeme wake ghafla inarusha volti nyingi upande wa nyuma, na msukosuko huo unapita kwenye waya na kuifikia chipu. Nilijua, nikaahirisha. Dayodi ya 1N4007 kwenye kila valvu, mstari wake ukiangalia chanya. Kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu wa 16 wa chipu, na ya mikrofaradi 470 mahali umeme unapoingilia boksi. Kimya tangu hapo. Dayodi, kapasita, rezista na 7805 vyote pamoja 9,500.

18 Agosti: Mpira umeruka

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikasikia mlio kama wa tairi. Mpira wa pampu ulikuwa umechomoka kwenye kiungo na maji yanaruka ukutani.

Zamu ilikuwa ya tuta la 6. Demaltipleksa ilichagua 6, rilei ya 6 ikagonga, lakini waya wa valvu ulikuwa umelegea kwenye skrubu. Valvu haikufunguka, pampu ikasukuma kwenye njia iliyozibwa. Pampu hii nilinunua ya mtumba, na aliyekuwa nayo aliiruka swichi yake ya presha kwa kipande cha waya. Nilikiona siku ya kwanza. Leo nimekikata, na pampu sasa inajizima presha ikizidi.

Demaltipleksa inatuma tu, haisikii. Ukitaka bustani ikujibu kwamba valvu imefunguka kweli, unahitaji maltipleksa upande wa pili, kama 74HC151, inayokusanya majibu nane kwenye uzi mmoja. Sina uzi. Nimeridhika na swichi ya presha, na nimebadilisha mfuatano: ruhusa kwanza, sekunde mbili, ndipo pampu. Kufunga ni kinyume: pampu, sekunde tatu, ndipo ruhusa.

14 Septemba: Mwezi mmoja

Mizunguko miwili kwa siku, dakika 20 kwa kila tuta, haijakosea anwani hata mara moja. Tatizo pekee lilikuwa mjusi aliyetaga mayai mawili nyuma ya ubao wa rilei. Nimeziba tundu la waya kwa silikoni, baada ya kumhamisha.

Jumla niliyotumia, pamoja na waya wa alumini, chipu iliyoungua, Arduino ya 32,000 na boksi la 12,000, ni shilingi 270,000. Pampu, betri, sola na mipira vilikuwepo, na nauli ya Dar iko kando.

Mama watoto ameongeza matuta mawili ya bamia bila kuniuliza. Kwa chipu ni rahisi: 74HC138 mbili zinazotumia A0, A1 na A2 zile zile, na anwani ya nne inaingia mguu wa 5 wa chipu ya kwanza na mguu wa 6 wa chipu ya pili. Ikiwa 0, ya kwanza ndiyo yenye ruhusa. Ikiwa 1, ni ya pili. Haiwezekani zote mbili. Ndiyo maana wenye chipu waliweka miguu ya ruhusa yenye tabia tofauti. Chipu ya tatu ya Kariakoo bado ninayo.

Nyuzi nane zimeisha, kwa hiyo anwani ya nne inataka mtaro ufunguliwe tena kuingiza uzi wa tisa. Bamia zimeshaota. Kwa sasa zinamwagiliwa kwa ndoo.